Filamu fupi isiyo na neno hata moja: muda umeganda, kijana ana barafu begani. Naombeni mawazo kabla sijapiga

PichaNgamiani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpiga picha, niko Ngamiani, Tanga. Ninachokula natoa kwenye harusi, maulidi, mahafali na picha za pasipoti. Asubuhi ambazo sina kazi huchukua baiskeli nikashuka dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, kabla jua halijawa kali, nikawapiga picha wavuvi, wachukuzi na akina mama wanaonunua dagaa. Huu ni mwaka wa sita.

Sasa nataka kutengeneza filamu fupi ya dakika tisa. Haina mazungumzo, haina msimulizi, wala maandishi kwenye skrini. Nimeshachora shoti zote 64 kwenye daftari. Nimekwama pahala pamoja, na mimi na wenzangu wa hapa tumebishana mpaka tumechoka, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kisa ni hiki. Kijana wa miaka kumi na saba hivi anabeba barafu dikoni. Bonge limo ndani ya kiroba, kiroba kiko begani, maji yanamchuruzika mgongoni. Mbele yake mchukuzi anapanda ngazi za zege na tenga la vibua kichwani. Mguu unateleza, tenga linamtoka. Chini ya ngazi kuna mtoto wa kike kachuchumaa, anaokota dagaa walioanguka. Papo hapo kila kitu kinaganda. Tenga liko hewani, vibua watano wameshachomoka wanang'aa, kunguru katanua mbawa juu ya paa la bati, dalali kaachama mdomo katikati ya bei. Anayeweza kwenda na kurudi ni yule kijana peke yake. Na barafu yake inaendelea kuyeyuka, tone moja moja. Ikiisha, muda unarudi.

Pembeni, juu ya meza ya mnada, mkoba wa dalali uko wazi na noti zinaonekana. Dalali huyu ndiye tuliyemwona mwanzo wa filamu akimpunja kaka yake yule kijana. Barafu iliyobaki inamtosha kufanya jambo moja tu: amwondoe mtoto, au achukue haki ya kaka yake.

Niliwaonyesha michoro watu 11. Saba waliniuliza kwa nini asifanye yote mawili. Wawili hawakuelewa kabisa kwamba barafu ndiyo saa. Na ndugu mmoja anayetaka kunichangia fedha kasema hatatoa mpaka niweke sauti ya msimulizi inayoeleza. Mimi sitaki. Mtu akitenda jambo wakati dunia imeganda, hana shahidi. Hakuna atakayemshukuru, hakuna atakayemsimulia. Nikiweka msimulizi nimeshampa shahidi, na kisa chote kimekufa. Je, nakosea?

Niwaambie na chanzo chake, maana bila hicho mtaniona nacheza na mazingaombwe. Miaka miwili iliyopita nilikuwa dikoni, kamera machoni, shata nimeiweka kwenye sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mchukuzi akateleza kweli. Tenga likamtoka kweli. Nikabonyeza. Picha ninayo: tenga liko hewani, vibua watano mbele yake, na chini yake mtoto kainua uso analitazama. Lilimwangukia mkononi, mkono ukavunjika. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga na sijamwonyesha mtu. Nikiifungua usiku kwenye kompyuta, mle ndani muda upo tele. Naweza kwenda jikoni nikanywa maji, nikarudi, na tenga bado halijamfikia.

---

Mhariri_Nai

Salamu kutoka Nairobi, ndugu. Nahariri filamu fupi na matangazo, mwaka wa tisa sasa.

Kwanza, usiweke msimulizi. Hata kama huyo mtu ataondoka na pesa zake. Hoja yako kuhusu shahidi ndiyo filamu yenyewe.

Pili, tatizo la wale watu saba halitatatuliwa kwa maneno, litatatuliwa kwenye meza ya kuhariri. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uso uleule usiobadilika, akaufuatisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni, tamaa. Uso haukuwa umefanya chochote. Kwa hiyo usimwambie kijana wako aigize mtu anayewaza. Mwambie atazame. Anatazama mtoto, kata. Anatazama barafu, kata. Maji yamefika kidato gani cha ngazi, kata. Rudia mara tatu, na kila ukirudi dimbwi liwe kubwa kidogo. Mtazamaji atajifunza mwenyewe kwamba barafu ni saa, bila kufundishwa.

Sasa kazi ya mikono, kwa sababu hapa ndipo wengi huumia. Usiwaombe watu wasimame tuli. Nimeshahariri kazi za namna hiyo na zinanitia homa: kope zinapepesa, kanga inapepea, tumbo linapumua. Ukiwa kwenye pwani yenye upepo wa kusi, ndiyo basi. Weka kamera kwenye stendi imara, usiisogeze hata unywele. Piga dakika moja diko likiwa na watu wote. Kisha ondoa watu, mwache kijana apite peke yake kwenye fremu ileile. Ukija kuhariri, ule umati unaugandisha kama picha moja, kijana unamkata na kumpachika juu yake. Apite mbele ya watu, si nyuma yao, utapunguza kazi ya kukata kwa nusu. Bahari iweke nje ya fremu au ndani ya ile picha iliyoganda, maana wimbi moja likicheza pembeni umeshapoteza mtazamaji.

Na kivuli, tafadhali. Jua linahama nyuzi 15 kila saa. Ukipiga umati saa moja asubuhi na kijana saa nne, vivuli vitakuwa vya siku mbili tofauti. Kama diko lina paa, fanyia chini ya paa. Kama halina, subiri siku ya mawingu.

Tenga na samaki watundike kwa mshipi wa kuvulia, kisha ufute mshipi kwenye kompyuta. Watu wakubwa waliwahi kuzungushia kamera za picha 120 hivi kwa ajili ya kugandisha risasi na mwili wa mtu mmoja, ile The Matrix ya 1999, na wazo la kupanga kamera mstarini ni la zamani zaidi: Muybridge alimpiga farasi wa mbio kule California mwaka 1878 kwa kamera 12, kila moja ikibonyezwa na farasi mwenyewe anapopita. Wewe huhitaji hata mbili. Unahitaji stendi isiyotikisika.

Neno la mwisho ni la mkoba wa dalali. Unanisumbua. Mfaransa René Clair alitengeneza Paris qui dort miaka ya 1920, filamu ya kimya. Mji mzima umeganda, waliosalia macho ni mlinzi wa juu ya mnara wa Eiffel na watu waliokuwa angani ndani ya ndege. Wakishazoea, wanaanza kujichukulia mali, kisha mali inawachosha na wanaanza kugombana. Miaka 100 baadaye mtazamaji wako anaketi akisubiri kijana aende kwenye pesa. Unamlisha anachokijua.

---

MamaVibua

Mwanangu PichaNgamiani, nimesoma mpaka mwisho, na pale penye mtoto nilisimama kwanza nikaenda nje.

Mimi nimekaanga samaki na kuuza dikoni miaka kumi na tisa, si Tanga, ni huku kusini. Filamu sijui kutengeneza. Barafu naijua.

Mkoba wa dalali kuwa wazi mezani, hapana. Fedha ya dalali ipo kwenye mfuko wa suruali, au imefungwa na raba ndani ya daftari na daftari liko kwapani. Hata akizimia, kwapa halifunguki. Watu wa diko wakiona mkoba wazi watajua aliyetengeneza hajawahi kununua hata fungu la dagaa. Na huyo kijana ukishamfanya achague kati ya mtoto na fedha, umemtukana. Nani asiyejua jibu? Hata mwizi wa kweli atamvuta mtoto kwanza.

Nikuulize wewe: barafu ni ya nani? Hujasema. Kijana wa barafu hana barafu, anabeba ya watu. Imelipiwa na mwenye chombo. Chombo kimelala baharini usiku kucha, kimeingia na jodari na nguru, samaki wamelala kwenye boksi wanasubiri hilo bonge. Barafu ikichelewa, jicho la samaki linazama, mashavu yanapauka, nyama ukiibonyeza kidole kinabaki shimo. Dalali akipita anamshusha bei pale pale, anakuwa samaki wa kukaanga, namnunua mimi kwa nusu. Pale kuna mafuta ya mashine ya kulipa, kuna mabaharia sita wanaogawana, na kila mmoja ana nyumba.

Hiyo ni amana, mwanangu. Amana ya mtu begani na mtoto wa mtu chini ya ngazi. Hapo ndipo pagumu, maana kote ni haki. Kijana akirudi mikono mitupu atasema nini? "Muda uliganda"? Atapigwa, na mshahara wa wiki umekwenda. Mimi nimeona kijana akikatwa siku nne kwa bonge lililomponyoka.

Huo mkoba utupe.

Na kiroba hakikai kikavu begani. Wanaojua wanaweka maranda ya mbao ndani, au wanakunja gunia begani kwanza, la sivyo baridi inakula ngozi. Mwonyeshe akilikunja lile gunia. Watu wa kazi watakuamini.

---

MwalimuWaFizikia

Ndugu mleta mada, nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wangu huniuliza swali la kusimamisha muda kila mwaka, kwa hiyo naomba niliendee taratibu, kwa sababu naona limo jambo litakalokusaidia.

Muda ukisimama, hewa imesimama. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kwa hiyo kimya cha filamu yako ni sahihi kabisa. Kelele za diko zikatike kama zimekatwa kwa kisu. Lakini na mwanga umesimama, maana yake kijana asingeona kitu, na hewa isingeingia mapafuni. Ili awe hai lazima uweke kanuni, na nyepesi kuliko zote ni hii: anachokigusa kinaingia kwenye muda wake. Hewa inayomgusa inatembea. Mwanga unaofika jichoni unafika. Barafu iliyo begani inayeyuka.

Ukiikubali kanuni hiyo, mambo matatu yanafuata nayo.

Tenga halijasimama. Limebaki na mwendo wake, limefichwa tu. Akiligusa litaendelea kuanguka mikononi mwake. Hawezi kulisogeza kama kiti, na hilo linajibu wale wanaouliza kwa nini asilikamate.

Mtoto naye akiguswa atazinduka. Atakuwa macho mikononi mwa kijana, dunia nzima ikiwa imeganda, mpaka atakapowekwa chini. Lifikirie hilo vizuri kwa sababu ulisema hana shahidi.

La tatu ndilo zito. Barafu inayeyushwa na joto, na joto linatoka wapi ikiwa hewa na zege na jua vimesimama? Linatoka mwilini mwake tu. Kilo moja ya barafu inahitaji kilojuli 334 ili iwe maji. Mwili wa mtu aliyetulia unatoa joto la wati 100 hivi. Bonge la kilo tano, hata joto lote la mwili likiingia ndani yake pasipo kupotea, litachukua zaidi ya saa nne na nusu. Na akiliweka chini, haliyeyuki kabisa. Litakaa vilevile miaka elfu.

Kwa hiyo barafu yako haimkimbizi kijana. Ana muda wote anaoutaka. Anaweza kumwondoa mtoto, anaweza kutembea mpaka Pangani na kurudi. Asichokiweza ni kurudisha muda bila kuimaliza barafu ya watu kwa mwili wake mwenyewe. Itambidi akae aikumbatie.

Sasa la picha yako, na hili nakwambia kama mtu anayependa hesabu. Kama tenga lilikuwa mita moja juu ya mkono wa yule mtoto, lilikuwa na sekunde 0.45. Mtu mzima mwenye afya anahitaji karibu robo sekunde ili kuona tu na kuanza kuitikia. Kinachobaki hakitoshi kutamka "we!", sembuse mtoto kuisikia na kuruka. Wewe hukuwa na uchaguzi wowote pale. Kidole chako kilishaanza kushuka kabla akili haijajua. Usijibebeshe.

---

PichaNgamiani

Nimesoma majibu yote mara mbili, nikayanakili kwenye daftari.

Mama, shikamoo. Mkoba nimeutupa. Nimekaa na michoro jana usiku nikazichana shoti kumi na moja, zote za meza ya mnada. Barafu sasa ina mwenyewe: mzee mmoja mwenye dau lenye mashine, kakaa juu ya boksi la samaki na kitambaa cheupe kimelowa, anatazama ngazi. Tutamwona mara mbili tu. Na gunia litakunjwa begani, namuweka kijana anayeijua kazi yenyewe, si mwigizaji.

Mhariri, asante sana. Sikuwa nimefikiria vivuli kabisa. Nitapiga chini ya banda la bati, na maleleji, upepo ukitulia kati ya kusi na kaskazi.

Mwalimu, hesabu yako nimeielewa na nakushukuru kwa nia yake. Lakini sikuwaambieni yote, na sasa naona nisipoyasema nitatengeneza filamu ya uongo.

Nilikuwa pale kwa zaidi ya nusu saa kabla tenga halijaanguka. Nilikuwa nimechuchumaa hatua kama kumi kutoka ngazi. Kidato cha tatu kilikuwa kimelowa. Mbeba barafu alikuwa amepita, kiroba kilichuruzika, na jua la saa moja na nusu lilipiga pale kidato kikang'aa kama kioo. Niliipanga fremu yangu kwa ajili ya kile kidato. Niliwaona wachukuzi wawili wakiteleza kidogo na kujishika. Niliona mtoto amekuja kuchuchumaa pale chini. Nikarekebisha lenzi. Nilikuwa nasubiri. Sikusubiri mtu aumie, Mungu ni shahidi, nilisubiri mguu uguse ule mng'ao. Lakini nilikuwa na nusu saa nzima ya kusema, "Jamani, pale panateleza," na mfukoni nilikuwa na kitambaa cha kufutia lenzi.

Sekunde 0.45 hazikuwa zangu, nakubali. Ile nusu saa ilikuwa yangu.

Kwa hiyo nadhani filamu inaanza mapema kuliko nilivyochora. Yule kijana ndiye aliyelowesha ngazi, kwenye safari yake ya kwanza ya asubuhi. Anageuka, anaona matone yake kwenye kidato cha tatu yanang'aa, anasita, mtu anampungia aharakishe, anaondoka. Halafu ndiyo safari ya pili. Dunia ikiganda anaijua sababu kabla yetu.

Kinachonitatiza sasa ni lile la mtoto kuzinduka. Akizinduka kuna shahidi, na mimi nimeijenga filamu yote juu ya kutokuwa na shahidi.

---

Mhariri_Nai

Hiyo shoti ya kugeuka na kuona matone, ishike kwa sekunde sita. Sita kamili. Usiikate hata roho ikikuuma. Usoni pasiwe na kitu.

Na ile ya kukumbatia barafu, aliyosema mwalimu, ndiyo kilele chako. Shoti moja, kamera mbali, bila kukata. Kijana ameketi kwenye ngazi, kakumbatia bonge kifuani, anatetemeka, na diko zima limeganda kumzunguka. Maji yanashuka kidato kwa kidato. Hakuna anayemlazimisha. Mimi ningeipa dakika moja na nusu kati ya zako tisa.

---

MzeeWaPangani

Kijana wangu, nimestaafu ualimu zamani. Niseme machache.

Suala la kutenda bila kuonekana ni la kale. Plato kaliweka katika kitabu cha pili cha Jamhuri: mchungaji Gige anapata pete, akiizungusha haonekani, na swali likawa kama mtu mwenye pete hiyo ataendelea kuwa mwadilifu. Gige hakuendelea, alimuua mfalme akatwaa kiti. Sisi wa pwani tuna letu, tenda wema nenda zako, ambalo watu hulisema haraka kwenye harusi na hotuba bila kulipima. Nenda zako maana yake usingoje hata kuangaliwa. Kijana wako anayekumbatia barafu anakwenda zake akiwa ameketi.

Lakini sikuja kwa hilo. Katika maandishi yako yote sijaona mahali unaposema ulikwenda kumwona yule mtoto. Miaka miwili. Diko ni dogo, watu wanajuana, nyumba yao haiwezi kukosa kujulikana. Unauliza watu wa Nairobi na wa kusini kama mtoto azinduke au asizinduke. Yupo. Ana mama. Nenda ukabishe hodi, ndipo upige filamu yako.

---

MamaVibua

Mzee kasema. Na usiende mikono mitupu, mwanangu, chukua hata kilo ya unga na sukari. Picha iache kwanza mfukoni. Anza kwa kuuliza mkono.

---

PichaNgamiani

Nimerudi. Zimepita siku kumi na mbili.

Mzee, shikamoo. Nilikwenda Jumapili alasiri. Kuwapata ilinichukua maswali mawili tu, kwa mama mmoja muuza chapati na kwa fundi baiskeli.

Nilibeba unga, sukari na majani ya chai. Mama yake alinikaribisha barazani akidhani nimekuja kudai pesa za picha za mtu. Nikauliza mkono. Akamwita mtoto. Ana miaka kumi na mmoja sasa. Mkono umeunga, ila kiwiko hakinyooki mpaka mwisho. Akinyoosha yote miwili, wa kushoto unabaki nyuma kidogo, kama upana wa vidole vitatu. Anacheza rede vizuri tu, mama yake alisema, ila ndoo kubwa haibebi.

Nikawaeleza yote. Kidato, mng'ao, nusu saa, kitambaa. Nilianza kwa sauti ya kawaida, sikumaliza nayo. Mama yake alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Na sisi sote tulikuwa tunapita pale pale." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alikwenda ndani akaleta chai.

Mtoto ndiye aliyeomba kuiona picha. Nilikuwa nimeichapisha, iko kwenye bahasha. Nikamtazama mama, akatikisa kichwa kukubali. Mtoto aliilaza mkekani akainama juu yake, akaweka kidole akawa anahesabu. Akaniuliza nimeandika samaki wangapi kwenye michoro yangu. Nikamwambia watano. Akasema, "Wako sita. Huyu hapa, nyuma ya tenga, mkia tu." Nimeitazama picha ile miaka miwili na sikuwahi kumwona.

Halafu nikamuuliza lililonikaa moyoni, kama tenga lilimtisha alipoliona linakuja, maana kwenye picha kainua uso. Akasema tenga hakuliona kabisa. Alisikia mguu ukikwaruza, akatazama mbele.

"Nilikuona wewe. Ulikuwa umefumba jicho moja."

Nilirudi nyumbani nikaikuza ile picha mpaka ikaanza kuvunjika. Ni kweli. Macho yake hayaelekei juu. Yanaelekea kwenye lenzi.

Mwalimu, nimeichukua kanuni yako. Kwenye shoti ya 41 kijana anamwinua mtoto na mtoto anazinduka mikononi mwake, anamtazama, anatazama bega lililolowa, anatazama kidato cha tatu. Hakuna anayesema kitu. Anambeba mpaka kwenye kivuli cha banda, anamweka chini, anamwachia, naye anaganda tena, macho yakiwa bado kwake. Kisha kijana anarudi kwenye barafu yake. Ile dakika moja na nusu ya kuikumbatia ataifanya akitazamwa.

Mama yake amekubali mtoto aje siku ya kupiga, si kuigiza, aje awe ananihesabia samaki kwenye mshipi. Nimemwandikia kwenye daftari wako sita.

Ndugu wa fedha nimemwambia hapana. Nilichobakiwa nacho kinatosha kila kitu isipokuwa stendi; yangu ina mguu mmoja uliolegea na nikiikaza inasogea. Kama kuna mwenye imara Tanga mjini au Muheza, ya kukodi kwa siku mbili za maleleji, anijulishe hapa hapa. Naifuata mwenyewe kwa baiskeli.